Kozi ya chuo kikuu ukiwa bado sekondari: tulivyoijaribu sisi wa Mombasa

Wazazi wenzangu wameniuliza sana, kwa hivyo naandika mara moja, atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Huduma ninayoipima ni kozi za mtandaoni za Arizona State University, chuo kikuu cha Marekani, zile zinazoitwa Universal Learner Courses. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzisoma akiwa bado anavaa sare, na akifaulu akapata krediti za chuo kikuu, yaani vile vipimo vya masomo vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada. Binti yangu, kidato cha tatu, skuli ya kutwa hapa kisiwani, amesoma moja: aljebra ya chuo. Kozi yenyewe naipa nyota nne. Krediti inayotoka nayo naipa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya heshima.

Mimi ni mtu wa kliaringi, kazi ya kuwatolea watu mizigo bandarini. Miaka yote nimekula na kulea kwa makaratasi ya Kilindini, na ugonjwa wa kazi yetu ni kusoma masharti hadi ya maandishi madogo ya chini. Kwa hivyo msishangae nikichelewa kwenye mambo ambayo mwalimu angeyapita.

Bei kwanza, maana ndiyo huulizwa kabla ya salamu. Tulipojiandikisha, kuanza kulikuwa dola 25. Unafunguliwa darasa, unasoma, unafanya mitihani, unapewa alama. Ukiridhika nayo, unalipa dola 400 na kozi inaingizwa kwenye hati rasmi ya matokeo ikiwa na krediti tatu. Usiporidhika, unakwenda zako, hakuna F itakayokufuata. Kwa dola ya shilingi 129, hizo 25 ni shilingi 3,225 na hizo 400 ni 51,600. Mpango huu wa kuonja kwanza ukalipa baadaye una miaka yake: mwaka 2015 chuo hicho kilishirikiana na edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, kuanzisha Global Freshman Academy, na wazo la kulipia krediti baada ya kuiona alama lilianzia huko. Nimeutafuta ujanja ndani yake kwa jicho la kazi, na sikuuona. Kwa mzazi, hii ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Hapa kwetu ada hulipwa kwanza, kisha ndipo ujue kama mwalimu hufika darasani.

Malipo yalipita kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, ile Visa inayotengenezwa ndani ya simu na isiyoshikika kwa mkono. Ilikuwa kazi ya muda wa kunywa kahawa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepita ofisi moja ya mawakala wa masomo ya ng'ambo. Sitaitaja. Ghorofa ya pili, AC ya kuumiza meno, bendera ndogondogo mezani. Kijana wa pale alinipa heshima zote, shikamoo mzee, karibu maji, kisha akanipigia hesabu: shilingi 85,000 kwa kozi ileile, "pamoja na usajili na ushauri". Nikamuuliza ushauri gani. Akasema watamsaidia mtoto kufungua akaunti. Nikamuuliza krediti zenyewe zitapokewa wapi.

"Popote duniani, mzee."

Hapo nikaaga. Anayekwambia kwamba karatasi fulani inapokewa popote duniani hajawahi kusimama mbele ya dirisha la forodha.

Sasa kozi. Binti yangu alidhani atakuta mambo mageni matupu, kumbe mwanzo wake ulikuwa wa kawaida: milinganyo, kwadratiki, logi, vitu ambavyo mwalimu wake wa skuli alishamfundisha. Akaringa. "Baba, hii ni ya kidato cha pili." Niliacha aringe. Baadaye zikaja fankisheni, na hapo sauti ikapungua nyumbani.

Nitaeleza jambo moja tu, maana ndilo lililonifanya niamini kwamba hela haikupotea. Jioni moja alikuwa na fankisheni hii: x kujumlisha 1, gawanya kwa x kutoa 2. Kwa mtindo wa skuli yake angetengeneza jedwali, akaweka x ni 0, 1, 2, 3, akachora. Akifika kwenye 2 anagawanya kwa sifuri, kalkuleta inalalamika, anaandika "haiwezekani" na kuruka. Kozi ikamrudisha palepale alipotaka kuruka. Weka 2.01: jibu 301. Weka 2.001: jibu 3,001. Akanipigia kelele nije nione, kana kwamba kuna panya. Alikuwa amechora nyuma ya packing list ya marobota ya mitumba niliyoileta kutoka kazini, mstari wa nukta uliosimama pale kwenye 2, na mchoro wake ukipanda kando ya mstari huo bila kuugusa. Kisha akaenda upande wa pili, akaweka x ni 1,002, akapata 1.003, na mchoro ukalala karibu na 1, nao usiiguse. Akasema, "Kwa hivyo hii haiwezekani ina tabia yake." Sijui Waarizona wanamfundishaje mtoto bila ya mwalimu kusimama mbele yake, lakini sentensi hiyo sikuwahi kuisikia ikitoka kwenye tuisheni niliyokuwa nikiilipia.

Kasoro za kozi zipo. Maswali ya mafumbo ni ya Kimarekani: maili, galoni, Farenhaiti. Mtoto wa Majengo hana habari galoni moja inaipeleka gari wapi, na ilibidi kwanza aelewe hali ndipo aingie kwenye hesabu. Kwa mwanafunzi ambaye Kiingereza chake ni cha kusukuma, mafumbo hayo yatamchosha kuliko aljebra yenyewe. Na mtu wa kumuuliza ana kwa ana hayupo. Ukikwama unaandika swali na kungoja, na majibu huja wakati wao wa kazi, yaani sisi tukiwa tunapanga vyombo vya daku au tumelala.

Hilo la saa lieleweni vizuri. Arizona iko nyuma yetu kwa saa kumi mwaka mzima, maana jimbo hilo, isipokuwa eneo la Wanavajo, halisogezi saa zake kama majimbo mengine. Kazi za juma zilikuwa zikifungwa dakika moja kabla ya saa sita za usiku wa Jumapili kwao. Kwetu hiyo ni Jumatatu, saa nne kasoro dakika moja asubuhi. Ukiisikia unafurahi, unaona umeongezewa asubuhi nzima. Lakini Jumatatu saa nne mtoto yuko darasani na simu haziruhusiwi, kwa hivyo hiyo zawadi haina kazi. Mwisho wenu ni Jumapili usiku kabla ya kulala. Mwenye mtoto wa bweni asijisumbue kabisa isipokuwa kozi yote iangukie likizo. Yetu iliangukia likizo ya Aprili karibu nusu, na nusu hiyo ndiyo aliyosoma kwa raha.

Mtihani ndio uliokuwa sinema. Husimamiwa kwa kamera ya laptopu. Kabla ya kuanza unaizungusha kamera chumba kizima: juu ya meza, chini ya meza, kuta, mlango. Hakuna karatasi isiyoruhusiwa, hakuna simu, hakuna mtu wa pili. Masharti haya yameandikwa na watu wenye nyumba ambayo kila mtoto ana chumba chake. Sisi tuko fleti ya vyumba viwili, watu sita na mashine ya kushonea. Ilibidi chumba cha wasichana kihamishwe siku hiyo kama tunaondoka. Vitabu vya hesabu vilivyokuwa rafuni vikatolewa, kalenda ya ukutani iliyoandikwa tarehe za madeni ikatolewa, dada yake mdogo akapelekwa kwa jirani. Tulichagua saa baada ya Isha ili adhana isiingie katikati. Tokeni za stima nilizijaza mchana. Intaneti ya nyumbani sikuiamini, kwa hivyo niliweka bando kwenye simu mbili za kampuni mbili tofauti, moja ikidondoka nyingine idake. (Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zimetua pwani hii hii tangu mwaka 2009, intaneti ya nchi nzima inapita chini ya miguu yetu, na bado sisi wa hapa tunainua simu dirishani kama tunatafuta mwezi.)

Mimi nikawekwa mlinzi wa mlango. Nyanya yake aliapa kwamba hataingia. Baada ya muda nikageuka nikamkuta ameshika kitasa, mkono wa pili una bilauri ya ukwaju.

"Mama, haruhusiwi mtu."

"Mimi si mtu, mimi ni nyanya yake. Mtoto atakufa na kiu humo ndani."

Ukwaju niliunywa mimi, nimesimama palepale. Binti alitoka amelowa jasho, maana dirisha alilifunga kwa sababu ya kelele za bodaboda, akasema swali la mwisho lilikuwa lile la mstari wa nukta. Alama ilipokuja ilikuwa B.

Sasa tufike kwenye krediti, maana ndizo zinazotangazwa na ndizo watu wanazozifuata.

Shahada ya kawaida ya Marekani ni krediti 120. Kozi moja kama hii ni tatu. Yaani umemaliza moja ya arobaini. Kwa dola 400, kila krediti imekugharimu dola 133 na senti, ambayo kwa bei za vyuo vya Marekani si mbaya hata kidogo. Kwenye hati ya matokeo inakaa kama kozi nyingine yoyote ya chuo hicho, na chuo chenyewe kimeidhinishwa na Higher Learning Commission, mojawapo ya mashirika yanayotambuliwa kule kwa kazi hiyo. Upande wa mtumaji, karatasi ziko safi.

Lakini krediti ni kama kontena la transiti, lile linalopita hapa kwenda nchi jirani. Hapa Kilindini tunaweza kulimaliza vizuri, sili haijaguswa, ushuru uko sawa, mhuri juu ya mhuri. Likifika Malaba, mpakani na Uganda, mwenye kauli ni yule wa ng'ambo ya mpaka, na yeye hajali ulivyotabasamu ulipoondoka. Kila chuo kina sheria yake ya kupokea krediti za nje. Vingine huzipokea moja kwa moja. Vingine huzipokea iwapo tu hazikutumika kukamilisha sekondari. Vingine hukuruhusu kuruka darasa la mwanzo lakini idadi ya krediti haipungui, kwa hivyo ada nayo haipungui. Na vile vikubwa vinavyogombewa ndivyo vigumu zaidi: Dartmouth, kwa mfano, kilitangaza mwaka 2013 kwamba kitaacha kutoa krediti kwa alama za AP (Advanced Placement), na AP ni mtihani wa kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, unaojulikana kuliko kozi yoyote ya mtandaoni.

Kwa hivyo kabla ya kulipa zile 400 niliandika barua pepe kwa ofisi za udahili za vyuo ambavyo binti amevipigia mstari. Niliweka jina la kozi, namba yake, jina la chuo, na swali moja: itahesabiwaje? Chuo kimoja kilijibu kwamba kitazihesabu zote tatu kwenye hesabu za lazima za mwaka wa kwanza. Kingine kikajibu kwamba hakizipokei, lakini wamefurahi kuona juhudi. Furaha yao nimeiweka kwenye faili.

Hapa nyumbani nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya usajili ya chuo kimoja cha umma. Mama aliyenihudumia alikuwa mpole, alivaa miwani, akasoma karatasi yote mbele na nyuma kisha akaniuliza, "Baba, huyu mtoto ana KCSE?" yaani cheti cha mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nikasema bado. "Basi arudi na KCSE." Sikumlaumu. Mlango wa shahada kwetu ni C+ na alama za masomo ya kundi lako, KUCCPS, ile ofisi ya serikali ya kugawa nafasi za vyuo, inapanga watu kwa hizo, na hakuna kisanduku cha kujaza kwamba mtoto amesoma aljebra ya Arizona. Ukishaingia ndipo unaweza kuomba kuhamishiwa somo, na hapo idara ndiyo itakayoamua. Chuo cha hapa ambacho lugha ya krediti inaeleweka bila kutafsiriwa ni USIU-Africa kule Nairobi, ambacho kinatambuliwa na CUE, tume yetu ya vyuo vikuu, na vilevile na WSCUC, waidhinishaji wa vyuo wa Marekani. Mwenye nia ya huko aulize kwao moja kwa moja, asiulize kwa wakala.

Njia nyingine zipo, nazitaja kwa haraka. AP ni mtihani wa kila Mei, alama 1 hadi 5, na mwaka 2025 ulikuwa dola 129 kwa aliye nje ya Marekani. Ugumu ni kupata skuli inayousimamia na inayokubali mtu wa nje akalie kiti chake. Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari) inafundishwa hapahapa Kizingo, Aga Khan Academy, skuli iliyofunguliwa mwaka 2003, na masomo yake ya kiwango cha juu hupata krediti katika vyuo vingi. A Level za Cambridge vilevile. Hizo mbili ni nzuri kuliko hii yangu, sibishani na mtu, ila ni lazima mtoto awe tayari kwenye mtaala huo, na huwezi kuzionja kwa shilingi elfu tatu. Kaka yangu alikuwa kundi la mwisho la kidato cha sita, 1989, na mpaka leo akikaa barazani hutukumbusha sisi wa 8-4-4, mfumo uliofuta kidato cha sita, kwamba yeye aliingia chuo kikuu akiwa mtu mzima. Safari hii nilimwonyesha hati ya mpwawe. Aliitazama sana, akauliza kwa nini si A.

Je, ningemshauri mzazi mwingine alipe? Zile 25, ndiyo, bila kusita, kama mtoto ana hamu na hesabu zake za skuli hazitetereki. Kwa hela ya viatu vya skuli utajua kama anaweza kujisomea peke yake bila kengele, na hilo chuoni ndilo linalowaangusha watoto wetu wengi kuliko ugumu wa masomo. Zile 400, usizitoe mpaka uwe na barua ya chuo cha kupokea mkononi. Kama mpango wenu ni chuo cha umma cha hapa, baki na maarifa, weka elfu hamsini na moja kwa ada ya kidato cha nne. Sisi tulilipa, kwa sababu lile jibu la kwanza lilikuja kwa maandishi na chuo chenyewe ndicho anachokitaka. Kisipomchukua, tutakuwa tumeuziwa mbuzi ndani ya gunia na sisi wenyewe tumelifunga kamba.

Anataka kozi ya pili sasa, ya uandishi wa Kiingereza. Nimemwambia likizo ijayo, na si kabla sijaiona ripoti ya skuli.

Kwa wale walionitumia ujumbe kuuliza kama simu inatosha: kusoma, ndiyo, ingawa kuchora mchoro kwenye kioo cha simu ni kujitafutia miwani. Mtihani, hapana, utahitaji laptopu yenye kamera na maikrofoni zinazofanya kazi. Zile za ex-UK, zilizotumika Uingereza, za madukani mjini zinatosha kabisa. Unapoinunua, mwambie muuzaji aiwashe kamera mbele yako, betri ikiwa imetolewa kwenye chaja, na uhesabu dakika. Yetu ya kwanza kuonyeshwa ilizima kabla muuzaji hajamaliza kuisifu.